Kupima polifenoli za chai kwenye seli za saratani: mwongozo kwa maabara za Kisumu, Kericho na Nakuru

Ukimwaga dondoo la majani chai kwenye seli za saratani zilizo ndani ya sahani ya plastiki, nyingi zitakufa. Karibu polifenoli yoyote (kundi la kemikali za mimea, zikiwemo za chai) ikizidishwa kipimo huua karibu seli yoyote, na mara nyingi muuaji ni haidrojeni peroksaidi iliyozaliwa ndani ya midia (maji ya kukuzia seli) dakika chache baada ya kuchanganya. Kuua seli ni rahisi. Kazi iko katika kujua kilichoziua. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara aliye Maseno, Kisumu, Kakamega, Kericho au Njoro, mwenye kabati la usalama, inkubeta ya kaboni dioksaidi na kisoma sahani, anayetaka namba ambazo mtahini hatazipangua kwa swali moja.

Tunatumia chai kwa sababu iko mlangoni. Kuanzia Kericho hadi Nandi Hills unapata majani mabichi asubuhi na kuyafikisha maabara kabla ya saa sita mchana. Ipo pia chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, ambayo juu ya katekini, polifenoli kuu za jani bichi, ina anthosayanini, rangi yake ya zambarau. Hatua ni zile zile kwa mlonge, mpera au mwarubaini. Ila ukichuma mmea wa msituni, shughulikia vibali kwanza: NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa utafiti wenyewe, na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa kuchukua rasilimali za kijenetiki. Muiri, yaani Prunus africana, uko pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, hivyo usipeleke hata gamba lake nje ya nchi bila karatasi.

Majani na dondoo

Chuma majani mawili na ncha, na usiyabonyeze. Jani la chai likichubuka, kimeng'enya cha polifenoli oksidasi huanza kuzigeuza katekini kuwa theaflavini na thearubijini, ndiyo maana chai ya kiwandani huwa nyeusi. Ukitaka katekini, zima kimeng'enya hicho kwa mvuke, dakika 1 hadi 2 majani yakiwa yametandazwa safu moja, kisha kausha kivulini au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 50. Saga, chekecha, weka kwenye mfuko usiopitisha hewa wala mwanga. Andika jina la kloni (aina ya mche), tarehe na shamba. "Majani ya Kericho" hayatoshi, kwa sababu kloni mbili za shamba moja hutofautiana sana.

Kwa dondoo la kupimia seli, chukua gramu 20 za unga, mililita 200 za ethanoli ya asilimia 70, koroga saa 2, chuja kwa karatasi ya Whatman namba 1, rudia mara moja kwa masalio. Vukiza ethanoli kwenye rotari isiyopita nyuzi 40, kisha kausha kwa baridi. Pima uzito mara mbili kwa siku tofauti. Ukiendelea kushuka, bado kuna kiyeyushi ndani, na kiyeyushi huua seli bila kuomba ruhusa. Methanoli huweza kutoa polifenoli nyingi kidogo kuliko ethanoli, lakini ukiacha masalio yake ndani umejiharibia jaribio lote.

Kiasi cha polifenoli kwa jumla pima kwa njia ya Folin-Ciocalteu inavyoelezwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 14502-1. Unga gramu 0.200, methanoli ya asilimia 70 iliyopashwa hadi nyuzi 70, mililita 5, dakika 10, sentrifuji, rudia, unganisha na ujaze hadi mililita 10. Zimua mara 100. Chukua mililita 1 ya kilichozimuliwa, ongeza mililita 5 za Folin ya asilimia 10, na kati ya dakika ya 3 na ya 8 ongeza mililita 4 za sodiamu kaboneti ya asilimia 7.5. Subiri dakika 60, soma kwenye nanomita 765, linganisha na asidi ya galiki ya mikrogramu 10 hadi 50 kwa mililita. Grafu ikikupa 32, zidisha kwa 100 kisha kwa 10: ni mikrogramu 32,000 ndani ya gramu 0.2, yaani miligramu 160 kwa gramu, asilimia 16. Ili namba iwe ya unga mkavu, toa unyevu kwenye uzito wa unga kabla ya kugawanya. Kumbuka Folin haipimi polifenoli peke yake. Hupima chochote kinachotoa elektroni, ikiwemo vitamini C, kwa hiyo ukipima mpera au mboga za kienyeji tarajia namba iliyovimba.

Mwinuko wetu, ambao miongozo ya vitabuni huusahau

Maelekezo mengi yameandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu yake, Nakuru mita 1,850, Kericho karibu 2,000. Hili linagusa mambo matatu.

La kwanza ni inkubeta. Asilimia 5 ya kaboni dioksaidi mjini Nakuru ni asilimia 5 ya hewa nyepesi, takriban kilopaskali 81 badala ya 101. Gesi inayoingia kwenye midia inapungua na pH inapanda kwa kama 0.1, Kisumu inapanda kwa kama 0.06. Kwa seli peke yake si balaa. Kwa katekini ni balaa, kwa sababu kasi yake ya kuoksidika hupanda pamoja na pH. Tena DMEM ya kawaida, midia tunayotumia hapa, ina gramu 3.7 za baikaboneti kwa lita, kiasi kilichokusudiwa kaboni dioksaidi ya asilimia 10, hivyo hata pwani pH yake iko juu kidogo. Weka inkubeta kwenye asilimia 6.2 Nakuru na 5.7 Kisumu, au ongeza HEPES (kemikali ya kutuliza pH) ya milimola 25, kisha pima pH ya midia iliyokaa ndani usiku kucha. Usitegemee rangi ya fenoli nyekundu, kiashiria cha pH kilicho ndani ya midia, kwa jicho.

La pili ni otoklevu. Geji ikisoma pauni 15 Nakuru, ndani ni nyuzi 118 hivi, si 121. Kama mashine yako inaongozwa na geji, panda hadi pauni 18 Nakuru na 17 Kisumu, au fuata kipimajoto. Uchafuzi wa bakteria unaorudi kila wiki mbili bila sababu mara nyingi huanzia hapa.

La tatu ni dogo: maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi Nakuru na 96 Kisumu. Ukitengeneza dondoo la maji kama chai ya kunywa, andika nyuzi halisi, usiandike "maji yanayochemka".

Stima ikikatika, usifungue inkubeta kuangalia. Iliyofungwa hutunza joto kwa muda. Kila ukifungua unapoteza joto na gesi kwa pamoja. Akiba ya seli iweke kwenye naitrojeni ya maji, ile ile ambayo wahudumu wa kupandisha ng'ombe kwa mirija hubeba kwenye mitungi yao. Friji ya nyuzi −80 isiyo na jenereta si akiba.

Seli

HeLa ndizo zinazopatikana kirahisi. Zilitoka kwa Henrietta Lacks kule Baltimore mwaka 1951, bila yeye kuombwa ridhaa, na zinakua kwa ukaidi kiasi kwamba zimevamia laini nyingine nyingi duniani. Ndiyo maana laini uliyogawiwa na rafiki wa maabara nyingine inahitaji kupimwa utambulisho wa STR, yaani alama za DNA, kabla ya kuandika jina lake. Katika ukanda huu ambako saratani ya umio ni nyingi, laini ya umio kama KYSE-30 ina mantiki kuliko HeLa, ukiipata. Kwa upande wa seli za kawaida, maabara nyingi hutumia Vero, lakini hizo ni za figo ya tumbili. Seli za mapafu za MRC-5 ni za binadamu na zinalinganishika vizuri zaidi.

Pima mikoplazma kwa PCR kila mwezi. Haifanyi midia iwe na ukungu, haiuawi na penisilini kwa kuwa haina ukuta wa seli, na inaweza kubadilisha usomaji wa MTT, kipimo cha rangi cha seli hai, bila wewe kuona chochote kwenye hadubini.

Kuza ndani ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, hamisha seli zikijaza asilimia 70 hadi 80 ya chupa. Ziachue kwa tripsini dakika 3 hadi 5, zima kwa midia yenye seramu, changanya nusu kwa nusu na trayipani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa, hesabu kwenye kioo cha kuhesabia seli. Tuseme wastani wa miraba minne mikubwa ni 52: zidisha kwa 2 na kwa 10,000, unapata 1,040,000 kwa mililita. Unataka seli 5,000 kwa kila kisima ndani ya mikrolita 100, yaani 50,000 kwa mililita. Kwa visima 50 andaa mililita 6: mikrolita 290 za seli na mililita 5.71 za midia. Tikisa mrija kila baada ya mstari mmoja wa pipeti, kwani seli huzama, na usipotikisa visima vya mwanzo na vya mwisho havitakuwa na idadi sawa.

Mpangilio wa sahani

Sahani ni ya visima 96, lakini pembezoni usitie seli. Huko maji hukauka haraka. Jaza mikrolita 200 za PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti) kwenye visima vyote vya ukingo, ubaki na visima 60 vya ndani: mistari B hadi G, safu wima 2 hadi 11.

Safu ya 2 ni midia bila dawa yoyote. Safu ya 3 ni DMSO, kiyeyushi cha dondoo, asilimia 0.5. Safu ya 4 ni doksorubisini, dawa ya saratani, mikromola 10, kidhibiti cha kuonyesha kwamba seli zinaweza kuuawa. Ishike kwa glavu, ni dawa ya sumu. Safu ya 5 hadi 11 ni vipimo saba vya dondoo, kutoka mikrogramu 3.125 hadi 200 kwa mililita, kila kimoja mara mbili ya kilichotangulia. Mistari B, C na D ina seli na dondoo. E na F ina seli, dondoo na katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi. G haina seli kabisa, lakini inapata kila kitu kingine kinachopata B, C na D. Watu huiona G kama upotevu wa visima. Bila hiyo hakuna matokeo.

Panda seli kwenye B hadi F, midia tupu kwenye G, acha saa 24 zishike. Siku ya pili yeyusha dondoo miligramu 40 kwa mililita ndani ya DMSO. Chukua mikrolita 20 uweke kwenye mikrolita 1,980 za midia: sasa una mikrogramu 400 kwa mililita na DMSO asilimia 1. Hamisha mililita 1 kwenda kwenye mililita 1 ya midia yenye DMSO asilimia 1, na uendelee hivyo, mara sita kwa jumla. Kwa njia hii DMSO ni sawa kila mahali na dondoo pekee ndilo linabadilika. Tenga mikrolita 300 za kila kipimo, ongeza mikrolita 3 za katalasi ya yuniti 40,000 kwa mililita. Hizo ni za E na F. Midia ya safu 2, 3 na 4 ya mistari hiyo nayo ipate katalasi. Ongeza mikrolita 100 kwa kila kisima juu ya 100 zilizopo, vipimo vinagawanyika kwa mbili na DMSO inabaki 0.5. Fanya haraka. Midia yenye dondoo ikikaa mezani nusu saa haina tena kile ulichopima.

Usichuje dondoo likishaingia kwenye midia. Tanini hushikana na protini za seramu na kuganda, na ukichuja unatupa sehemu ya dawa bila kujua ni kiasi gani. Angalia kipimo cha juu kwenye hadubini: ukiona vumbi la kahawia, kipimo hicho kiondoe kwenye grafu.

Peroksaidi

EGCG, katekini kuu ya chai ya kijani, haidumu ndani ya midia ya nyuzi 37. Huoksidika, hutoa haidrojeni peroksaidi, na peroksaidi huua seli hata kama polifenoli yenyewe haijaingia ndani. Katalasi huivunja peroksaidi hiyo. Kama bila katalasi nusu ya seli hufa kwa mikrogramu 40, na kwa katalasi unahitaji 150, basi sehemu kubwa ya mauaji ilifanywa na kemia ya midia. Andika namba zote mbili. Ili mtu asiseme ni protini tu iliyoshika dondoo, siku moja rudia kwa katalasi iliyochemshwa.

Angalia pia lebo ya chupa ya DMEM. Ipo yenye sodiamu piruveti na isiyo nayo, na piruveti humeza peroksaidi. Maabara mbili zenye seli zile zile na dondoo lile lile zinaweza kupishana mara kadhaa kwa sababu ya mstari mmoja wa lebo ambao hakuna aliyeusoma.

Kusoma MTT bila kudanganyika

Baada ya saa 48, ondoa midia taratibu, osha mara moja kwa PBS, kisha weka mikrolita 100 za midia mpya isiyo na fenoli nyekundu wala seramu, yenye MTT miligramu 0.5 kwa mililita. Kuosha si hiari. Polifenoli huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe, bila seli hai, na kisima cha seli zilizokufa kinasomeka kama kizima. Acha saa 3, ondoa, yeyusha fuwele kwa mikrolita 100 za DMSO, tikisa dakika 10, soma kwenye nanomita 570 ukitoa usomaji wa 650.

Hapa ndipo G inapolipa. Tuseme kisima cha DMSO kinasoma 0.92, G ya safu ya 3 inasoma 0.06, na kipimo cha mikrogramu 100 kinasoma 0.49. Ukitoa 0.06 kila mahali unapata 0.43 kwa 0.86, asilimia 50. Lakini G ya safu hiyo hiyo ya mikrogramu 100 inasoma 0.17. Toa hiyo: 0.32 kwa 0.86, asilimia 37. Tofauti ya pointi 13 ilikuwa rangi ya chai na MTT iliyogeuzwa na chai. Na kama G inapanda hadi theluthi ya usomaji wa seli, achana na MTT.

Badala yake tumia SRB, rangi ambayo hupima protini na haijali elektroni. Gandisha seli kwa asidi ya trikloroasetiki asilimia 10 ya baridi, saa 1 kwa nyuzi 4, osha kwa maji mara nne, kausha, paka SRB asilimia 0.4 ndani ya asidi asetiki asilimia 1, dakika 30, osha mara nne kwa asidi asetiki hiyo hiyo, kausha, yeyusha kwa Trisi milimola 10 ya pH 10.5, soma 564. Kwa dondoo zenye tanini nyingi tungeanza na SRB moja kwa moja. MTT imeenea kwa mazoea na kwa sababu fuwele zake zinapendeza machoni.

DMSO ikisoma chini ya 0.5, seli zilikuwa chache au zimezeeka. Juu ya 1.5, zilijaa kisima na kuacha kukua, na dawa yoyote itaonekana dhaifu. Visima vitatu vya sahani moja si marudio matatu. Marudio ni siku tatu, seli za uhamisho tofauti, dondoo lililoyeyushwa upya. IC50, yaani kipimo kinachopunguza seli kwa nusu, ipatikane kwa mkunjo wa vigezo vinne, wala isichorwe kwa rula.

Kuandika matokeo, na watu wakiuliza

Kwa dondoo ghafi, IC50 ya chini ya mikrogramu 20 hadi 30 kwa mililita ndiyo huchukuliwa kuwa na nguvu ya kuendelea nayo. Gawanya IC50 ya seli za kawaida kwa ile ya saratani. Jibu likiwa karibu na 1, umepata sumu ya seli zote. MTT na SRB pia hazikuambii kama seli zimekufa au zimeacha kuongezeka tu. Kwa hilo unahitaji jaribio la aneksini V, linalotambua seli zinazokufa.

Geuza vipimo kuwa mola kabla ya kuandika hitimisho. EGCG ina uzito wa 458, kwa hiyo mikrogramu 100 kwa mililita ni mikromola 218. Mtu akinywa chai, EGCG kwenye damu yake kwa kawaida haifiki mikromola 1. Protini za maziwa nazo hushikana na polifenoli, na sisi wengi hatunywi strungi. Ukiulizwa sokoni kama chai inazuia saratani, kuna jambo la uhakika zaidi la kusema: mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani, kwa sababu ya umio. Iache ipoe kidogo.

Anayetibiwa saratani asipewe dondoo la maabara wala vidonge vya chai kwa msingi wa sahani hizi. EGCG hushikana na bortezomibu, dawa ya saratani ya uboho, na kuidhoofisha, na mwaka 2018 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilionya kwamba EGCG ya vidonge ya miligramu 800 au zaidi kwa siku hupandisha vimeng'enya vya ini. Amuulize daktari wake wa kliniki.

Katika ripoti taja kloni, mavuno ya dondoo kwa asilimia, midia na kama ina piruveti, kaboni dioksaidi uliyoweka na pH uliyopima, idadi ya seli kwa kisima, saa za dawa, IC50 bila katalasi na yenye katalasi, na usomaji wa mstari G. Sahani za seli ziingie otoklevu kabla ya kutupwa, zile zenye doksorubisini zitengwe kwa tanuri la taka za dawa, na DMSO yenye fuwele isimwagwe kwenye sinki.